Uzee wa Mapema wa Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Watoto sogeeni mbele. Na nyinyi watu wazima msiondoke, hadithi hii inawahusu kuliko mnavyodhani.

Hapo zamani za kale walikuwako pimbi wawili, wanyama wadogo waishio kwenye mawe, pacha wa tumbo moja. Wa kwanza Mashavu, wa pili Siwema. Kabla hawajaacha kunyonya, tai akashuka, fyuuu! Akamchukua mama yao. Shangazi mmoja akambeba Mashavu, akampeleka Jiwe Kubwa. Shangazi mwingine akambeba Siwema, akampeleka kwenye vijiwe vya bondeni. Pacha wakaachana.

Jiwe Kubwa lilikuwa na pimbi wengi, na walikuwa na desturi yao. Wenzake wakila, mmoja hukaa juu kulinda, macho angani. Akimwona tai hulia, kwiii! Wote pangoni. Mashavu akakua hivyo. Akila, anakula. Akilala, analala. Akacheza utoto wake wote mpaka ukaisha wenyewe.

Kule bondeni pimbi walikuwa wachache, wala hapakuwa na wa kulinda. Siwema alikula kwa kushtuka. Jani moja, macho juu. Jani moja, macho juu. Leo kachukuliwa jirani, kesho kachukuliwa shangazi. Hakucheza. Mwili wake ukafanya haraka kukomaa, na wenziwe wa Jiwe Kubwa wakiwa bado watoto, yeye tayari akaitwa mama. Akazaa, akazaa tena, akazaa tena. Tai naye akala, akala tena.

Mwaka mmoja bonde likaungua moto. Siwema akapanda Jiwe Kubwa na binti zake watatu, ndio waliobaki. Mashavu akatoka kuwapokea. Wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Akaona bibi kizee, manyoya yamepauka, meno yamekwisha, mgongo umepinda. Akamwamkia kwa heshima, shikamoo bibi.

"Usiniamkie, Mashavu," yule bibi akasema. "Mimi ni pacha wako."

Mzee Mgude, mkuu wa Jiwe Kubwa, hakutaka kuwapokea. Alisema mama huyu amezaa ovyo ovyo, na binti zake watazaa ovyo kama yeye, na majani yatakwisha. Walale, asubuhi washuke. Kule chini hapakuwa na jani wala pango, na kushuka ilikuwa ni kufa. Wengi wakakubaliana naye. Hata Mashavu aliona haya, akamuuliza pacha wake haraka ile yote ilikuwa ya nini.

Siwema akajibu taratibu. "Dada, kule hakuna aliyeniambia nitayaona masika mengine. Nilizaa mapema ili nikichukuliwa mimi, abaki wa kusema alikuwa na mama. Sikukaa nikachagua. Mwili wangu ndio uliokuwa na haraka."

Mashavu akalia. Siku ile ya tai, shangazi wa Jiwe Kubwa angeweza kumbeba yeyote kati yao.

Akamgeukia Mzee Mgude. "Wakishuka, nashuka nao. Wakibaki, nitawalinda mimi."

Mzee Mgude akaguna. Akawapa ukingo wa jiwe, mbali na walinzi wake. Mashavu akapanda ukingoni na mimba yake, akakaa juani wenzake wakila. Akilia kwiii, wana wa Siwema wanakimbia. Akinyamaza, wanakula.

Binti wawili wakubwa hofu ilikuwa imeshawaingia. Walizaa mapema, na walizeeka mapema. Lakini Tunu, kitindamimba, alikuwa bado mchanga. Siku moja Siwema akamwona anakula, kacha kacha kacha, jani hili, na hili, na hili, kichwa chini. Siwema mwenyewe hakuweza kamwe kula hivyo. Akamtazama mwanawe mpaka akashiba.

Siwema hakumaliza mwaka. Alikufa kwa uzee, kando ya pacha wake aliyekuwa bado kijana. Inauma kusimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tunu akakua. Akaja kijana kumposa, naye Tunu alikuwa na umri ambao mama yake alipokuwa nao alishazaa mara mbili. Mzee Mgude akatega sikio, aone ule uovyo aliousema.

"Ningoje kwanza," Tunu akamwambia yule kijana. "Bado nacheza."

Mzee Mgude akainama. Kisha akapanda ukingoni, polepole, akamwambia Mashavu ashuke akale. Zamu ile akaikaa yeye.

Funzo ni hili. Mtoto aliyekulia kwenye hofu huharakisha kukua, huharakisha kuzaa, na mara nyingi huharakisha kufa. Si tabia mbaya. Mwili wake unafuata ulichofundishwa utotoni. Basi kabla hujamsema binti wa mwenzio, uliza alipokuwa mdogo nani alimlinda. Na kama bado ni mdogo, kamlinde.

Hadithi yangu inakomea hapo. Mbebeni aliyelala, taratibu.