Kiota Kipana cha Nyamwiza

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni tena, hata nyinyi mlioketi nyuma. Katika hadithi hii kuna mwito ambao haukuitikiwa.

Hapo kale, msitu ulipokuwa bado unashuka kutoka mlimani mpaka ufukoni mwa ziwa, alikuwepo sokwe mmoja jina lake Nyamwiza. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu. Mchana alichomeka ujiti kwenye kichuguu, akauchomoa umejaa mchwa, akamlambisha mwanawe. Jioni alikunja matawi, akatandika majani, akafanya kiota. Kisha sokwe wote waliitana, kila mmoja kiotani mwake. Huu-huu-huuu! Na Tunu, kwa sauti nyembamba: hu! Aliyeitika, yupo. Ndivyo walivyojua kwamba wote wamefika salama.

Siku moja akaja mwanamke mwenye shati la kaki na darubini shingoni. Hakuwa na bunduki. Hakuwa na panga. Aliketi, akatazama. Sokwe wakakimbia, vichaka vikalia chwa, chwa, chwa! Kesho yake akaketi tena. Masika yakapita, kiangazi kikapita, bado ameketi. Wanyama wakamwita Mama Darubini.

"Anatafuta nini huyu?" Nyamwiza alimuuliza Nyani, ambaye kila siku alidokoa ugali kambini.

"Anataka kujua mnaishije. Nimemsikia akimwambia mpishi wake. Dada yangu, kuna watu hawana kazi."

Ili sokwe wasogee, Mama Darubini akaweka ndizi mbivu juu ya jiwe bapa. Nyamwiza akanusa. Akasogea. Akarudi. Akasogea tena. Akachukua moja, akampa Tunu.

"Leo ndizi," Nyani akamtania, "kesho watakuletea posa."

"Huyu hanishiki," Nyamwiza akajibu. "Ananitazama tu."

Woga ukamtoka, kidogo kidogo, mpaka ukaisha. Tunu akawa anachezea kamba za viatu vya Mama Darubini.

Mwaka ule miti ya bondeni ilianza kukatwa kwa ajili ya mkaa. Mama Darubini akafunga mizigo, akaenda mjini kuwaomba wakubwa wauhifadhi msitu ule. Akakawia.

Siku moja ndizi zikaonekana tena, na mtu ameketi kando yake.

"Ngoja kwanza, dada," Nyani akasema kutoka mtini. "Huyu hana darubini."

"Shati ni lile la kaki. Jiwe ni lile. Ndizi ni zile. Wewe una wivu tu."

Akashuka, Tunu mgongoni. Wavu ukaanguka, pwaa! Nyamwiza akauma, akararua, akatoka. Tunu hakutoka. Yule mtu alimtia guniani, akateremka mbio mpaka ufukoni. Boti ikalia tu-tu-tu-tu. Nyamwiza aliingia ziwani, maji yakamfika kifuani, akasimama. Sokwe hajui kuogelea.

Jioni ile waliitana. Huu-huu-huuu! Wote wakaitika. Nyamwiza akatega sikio. Kimya.

Mama Darubini alirudi na habari njema: msitu umewekewa mipaka na walinzi. Akamwona Nyamwiza, mgongo mtupu. Akaokota kipande cha wavu kando ya jiwe. Akakaa chini.

"Mimi ndiye niliyemzoesha," Nyani alimsikia akimwambia mpishi.

Kulipokucha, Nyamwiza alishuka. Hapakuwa na ndizi. Mama Darubini alikuwa amesimama juu ya jiwe na debe tupu, akaligonga kwa fimbo. Ga! Ga! Ga! Nyamwiza akashangaa. Akanyoosha mkono. Ga! Ga! Ga! Machozi yalimtiririka yule mama, lakini hakuacha kugonga, mpaka Nyamwiza akageuka, akakimbia, na wenzake nyuma yake, juu, juu kabisa mlimani.

Tangu hapo Mama Darubini aliwatazama akiwa ng'ambo ya bonde. Kila jioni alimwona Nyamwiza akikunja matawi, akitandika majani, akifanya kiota kipana cha kuwatosha wawili. Wenzake wakishaitana na kulala, yeye alibaki ameketi, uso ameuelekeza ziwani.

Nanyi mnaonisikiliza, mkimpenda mnyama wa mwituni, msimwondolee woga wake. Woga huo ndio utakaomlinda siku ambayo nyinyi hampo.

Hadithi yangu inaishia hapo, kiotani, upande ule ulio mtupu.