Fisi na Chungu cha Mkorogo

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Na uso wa bi arusi!
Una nini uso huo?
— Una makovu ya chunusi!

Haya, sogeeni. Alikuwako Mwanakheri, binti digidigi, mpole kupita kiasi. Chunusi zilimtoka, akaziminya. Inatoka, anaiminya, inatoka, anaiminya. Chunusi zikaisha, vishimo vikabaki. Na ilibaki miezi mitano tu aolewe, na siku ya kupambwa bi arusi hufunuliwa ushungi mbele ya wanawake wote! Maskini, hakula, hakulala. Mimi namhurumia mpaka leo.

Akaja Fisi na chungu cha mkorogo. "Siku saba tu, uso laini kama yai! Mimi nipeni sinia la pilau kila siku."

Nani angemkatalia mwenye meno yale? Wakaupika mchele wa harusi. Fisi akala, lap lap lap, akalamba na sinia.

Mwanakheri akajipaka kidogo shavuni. Chwiii!

"Bwana mganga, inawasha!"

"Ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Kesho paka uso mzima."

Mwanakheri akamkimbilia somo yake aliyekuwa akimfunda, Bi Kalunguyeye, mdogo kama ngumi, mgongo wote miiba. "Somo, nisipopaka, watayaona mashimo yangu. Nikipaka, nitaungua. Nifanyeje?"

"Nyamaza, mwanangu. Niachie mimi."

Asubuhi Bi Kalunguyeye akamwendea Fisi. "Shikamoo, bwana mganga. Wanawake wanauliza, mbona mganga mwenyewe ana madoa? Nikawaambia, akitaka anayafuta leo leo. Wamesema ukitokea bila doa hata moja, mchele wote uliobaki ni wako."

"Wote?"

"Wote. Ila jipake kidogo kidogo."

"Kidogo ya nini!" Fisi akajipaka. Akapaka mgongo, akapaka tumbo, akapaka na mkia, chungu kikabaki kitupu. Chwiii! Chwiii!

"Uwiii! Inawasha!"

"Ikiwasha ndiyo inafanya kazi, bwana mganga."

Fisi akatimua mbio, puru puru puru, mpaka porini. Madoa anayo, na kilio anacho hadi leo.

Sasa Bi Kalunguyeye akaanza kazi. Kwanza akangoja lile shavu lililoungua lipone. Kisha akausafisha mwiba mmoja kwa maji ya moto, akamlaza Mwanakheri kivulini, akamdonoa makovu polepole: tu, tu, tu. Uso ukavimba, ukatulia. Wakangoja mwezi. Tu, tu, tu tena. Wakangoja mwezi. Tu, tu, tu.

"Somo, yataisha yote?"

"Yote hayaishi, mwanangu. Yatapungua. Wewe likimbie jua, na kwato zako zisiguse uso."

Siku ya kupambwa ikafika. Ushungi ukafunuliwa. Vishimo vingi vilikuwa vimejaa, vitatu vimebaki shavu la kushoto. Mwanakheri alijua hasa vilipo. Alitaka kuinamisha kichwa, lakini hakukiinamisha. Vigelegele vikapigwa, na pilau ikatosha wageni wote.

Funzo lake? Jihadharini na vijitu vyenye miiba! Bi Kalunguyeye alimchoma binti wa watu mara tatu, macho makavu. Bwana Fisi, mwenye huruma zake, hakumaliza kumchoma mtu ila nafsi yake.

Hadithi yangu imekoma hapo. Ikiwa tamu, ni yenu. Ikiwasha, mpelekeeni Fisi.