Firigisi ya Mama Masinde

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, zamani za juzi tu, palikuwa na kadi ya bima ya serikali iliyompenda binadamu kuanzia shingoni kwenda chini. Ukivunjika mguu, inalipa. Figo zikigoma, inalipa. Kichwa kikiugua? Pole, bana. Next!

Mama Masinde alimzika kitindamimba wake, na tangu siku hiyo akawa anamsikia akiita kutoka kwenye mahindi. Akawa hali, halali, anamtafuta shambani hadi kule linakoishia, mtoni. Daktari akasema, "Huu ni ugonjwa, na dawa iko. Lakini kadi yenu haiugusi."

Masinde, mwanawe wa kwanza, akauza pikipiki yake ya boda, dawa zikanunuliwa. Yeye akarudi kulimia watu vibarua.

Nekesa, dadake Masinde, mwenye digrii na hana kazi, akawa kila Jumatatu yuko kwenye dirisha la bima.

"Kwani kichwa cha mamangu si sehemu ya mwili wake?"

"Madam, sistimu haina hiyo."

"Basi mgonjwa ni sistimu. Itibuni!"

Akafukuzwa, akarudi. Akafukuzwa, akarudi, safari hii na akina mama wa lokesheni nzima. Mwishowe wakubwa wakachoka. Kadi ikaanza kulipia kichwa kama mguu, kwa kila mtu.

Na nyumbani alibaki nani? Makokha, mumewe Nekesa. Sasa, kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Lakini Makokha aliingia mahindini nyuma ya Mama Masinde kila siku, akamshika mkono. "Mama, twende tunywe chai kwanza. Tutarudi kumtafuta."

Mama akapona. Akachinja jogoo. Na firigisi, mnajua, ni moja, haikatwi, hupewa anayeheshimiwa kuliko wote.

"Ni yangu," akasema Masinde. "Bila dawa, mama angepona na nini? Hewa?"

"Dawa zako zilikuwa zinaisha, kaka. Mimi nimeleta zisizoisha, hata kwa jirani anayetusengenya."

Makokha akakohoa. "Sawa, mlimponya. Lakini mngemponya nani, kama mto ungemfikia kwanza?"

"Shemeji!" Masinde akadakia. "Umeshika mkono wa mama mkwe, unadaiwa mbuzi wa faini, na bado unataka firigisi?"

Mama akacheka. Kicheko cha kwanza tangu mazishi. Wote watatu wakaacha kubishana, wasije wakakikatiza.

Kisha akaichota firigisi kwa mwiko, akatazama sahani tatu. "Nawapenda wote, na hiyo ndiyo shida." Akatugeukia sisi majirani tuliokuja kunusa mchuzi. "Nyinyi wenye midomo, semeni."

Tumebishana mpaka leo. Haya, wewe unayesikiliza, shika mwiko: sahani ya nani? Na usikawie, inapoa.