Risasi Nzuri ya Mzee Mtopela

"Ukingoja risasi ing'ae, muhogo huliwa." Wajukuu zangu, mmenisikia nikimwambia hivyo dada yenu, aliyekuwa akitafuta mwiko mzuri huku mchuzi ukiungua. Mmecheka, mkauliza neno hili nimelitoa wapi. Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo hajawika, na Bi Somoe ameshaamshwa na sauti hiyo kutoka barazani. Ni mumewe, Mzee Mtopela, akiviringisha risasi kati ya vyuma viwili bapa ili iwe duara. Kijiji kizima bunduki ilikuwa moja, nayo ni yake, bunduki ya marisau, vile virisasi vidogo vidogo vinavyotawanyika. Lakini yeye marisau aliyadharau.

"Yale humkuna nguruwe mgongo tu, akafurahi," alisema. "Nguruwe anataka risasi moja, nene, isiyo na nundu."

Kwa hiyo aliyeyusha madini akasubu risasi mwenyewe, na maganda akayajaza baruti mwenyewe.

Nguruwe nao hawakumngoja. Walikuwa wakilila shamba la jirani, Bi Shenaisi, mjane mwenye watoto wadogo. Muhogo ule ndio uliokuwa chakula chao mpaka mvua. Kila asubuhi alimletea mwindaji wake kisahani cha muhogo wa kuchemsha.

"Shemeji, umeamkaje? Jana wamevuka mkorosho."

"Leo, shemeji, leo! Imebaki kuisugua kidogo."

Jioni Mzee Mtopela aliidondosha risasi mtutuni, ametega sikio. Ikakwaruza. "Ina kitambi!" Akaiyeyusha. Siku nyingine ikapita upesi mno. "Hii imekonda, itanitia aibu!" Akaiyeyusha tena.

Bi Somoe aliona vipande vya muhogo kisahanini vikipungua, ila kilichoiva vizuri zaidi kilikuwa cha Mzee siku zote. Akaanza kurudisha kisahani kikiwa na unga, ameufunika kwa jani la mgomba.

Hatimaye risasi ikakamilika. Iling'aa hata Mzee akaziona ndevu zake ndani yake. Aliifunga kwenye kitambaa, akaipitisha nyumba kwa nyumba watu waitazame, ndipo akaitia kwenye ganda.

Alfajiri iliyofuata walikwenda shambani watatu: Mzee mbele na bunduki, mkewe nyuma yake, na Bi Shenaisi na sufuria na mwiko, akitumaini kupika huko huko chochote kitakachosalia. Wakamkuta nguruwe dume mnene, anatafuna pasipo haraka, na jamaa zake nyuma yake.

"Piga, mume wangu," Bi Somoe alinong'ona.

Mzee akalenga. Akashusha. Akalenga. Akashusha.

"Nini tena?"

"Amesimama karibu na kichaka. Nikikosa, itapotelea majanini."

"Atapotea nguruwe?"

"Risasi!"

"Na ukimpata?"

Mzee Mtopela alifikiri, uso ukamsawijika. "Nikimpata, itabonyea."

Nguruwe akameza, akang'oa shina jingine.

Hapo subira ya Bi Shenaisi ikaisha. Aliinua sufuria, akaipiga kwa mwiko, ngwa! ngwa! ngwa!, akapiga na vigelegele juu yake. Nguruwe wakatimka pande zote. Yule dume akapita katikati ya miguu ya Mzee Mtopela, akamwacha ameketi kwenye tope walimogaagaa nguruwe, mikono juu, ameinua bunduki isije risasi ikalowa.

Matuta ya mwisho yalipona. Watoto wangekula mpaka mvua, kwa kubana.

Bi Somoe alimtazama mumewe pale topeni, akataka kukasirika, kicheko kikamshinda.

"Mume wangu," alisema akifuta machozi, "ukingoja risasi ing'ae, muhogo huliwa!"

Mzee mwenyewe akacheka. Tangu siku hiyo, kijijini, aliyechelewa kwa kutengeneza-tengeneza aliambiwa neno hilo hilo.

Bi Shenaisi hakumsimanga. Alimshika mkono akamwinua, akampangusa tope begani kwa ncha ya kanga yake, kisha akachimbua muhogo mmoja mzuri akamkabidhi.

"Shemeji, karibu tena kesho alfajiri," alisema. "Ila bunduki iache ilale. Uje na sufuria."