Sakafu ya Ambakisye

Mtu mmoja alikuwa na kipande cha msitu kwenye miteremko ya Rungwe, mahali ambapo ukungu hushuka usiku na kukaa hadi saa nne asubuhi. Jina lake Ambakisye, na kazi yake useremala. Alisikia kwamba watu wa mijini wamechoka na kelele, wanatafuta mahali penye miti na maji yanayotiririka wapate kupumzika. Akaamua kuwajengea.

Alijenga nyumba tatu za mbao kwa mikono yake, na kazi hiyo ilimchukua miaka minne. Hakukata mti mzima hata mmoja. Alitumia ile iliyoangushwa na upepo. Badala ya misumari alitia vigingi vya mti mgumu. Paa aliliezeka kwa vigae vya mbao, taa zilikuwa za nguvu ya jua, na mabaki yote ya jikoni yalirudi migombani. Jiko alilijenga kando, na moto ndani ya nyumba hakuuweka, kwa kuuhurumia msitu. Mbao za sakafu aliziachia mianya midogo ili zisijikunje wakati wa masika, kama alivyofundishwa na baba yake. Alipomaliza alizunguka kila nyumba akipapasa kuta, na moyo wake ukaridhika. Lakini hakulala humo hata siku moja. Aliona vitanda vile ni vya wageni, na yeye alikuwa na kitanda chake kwenye nyumba ya matofali, ng'ambo ya kijito.

Ili wageni wale vizuri, alimwajiri Mama Asajile, mjane wa jirani aliyejua kupika ndizi kwa maziwa mpaka mtu akasahau alikotoka. Wageni wakaja. Walipiga picha, wakasifu milango, wakaandika maneno mazuri kwenye daftari. Kisha jambo likaanza kujirudia: aliyepanga kukaa siku tatu aliondoka siku ya pili. Mmoja alikumbuka ghafla kikao cha ukoo, mwingine alisema ameitwa kazini. Wote waliaga kwa tabasamu, na hakuna aliyerudi.

Jambo hilo lilimtafuna Ambakisye. Alichonga maua kwenye miimo ya milango, akang'arisha sakafu kwa nta ya nyuki. Wageni wakazidi kusifu, na wakazidi kuondoka. Kwa kuwa kazi ya mikono yake hakuweza kuitilia shaka, alianza kuitazama kazi ya mikono ya mwingine. Asubuhi moja mgeni aliacha sahani ya ndizi bila kuimaliza. Ambakisye akaingia jikoni, akasema chakula ndicho kinachowafukuza watu. Mama Asajile akafungua kinywa aseme neno. Yeye akainua mkono kumzuia. Mama yule akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani, akatoka. Alikuwa amepika pale mwaka mzima na ushee.

Mwezi wa saba alifika Bi Nyamizi, mkunga mstaafu kutoka Tabora, mtu asiyezungusha maneno. Naye asubuhi ya kwanza tu alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake. Siku hizo mpishi alikuwa mke wa Ambakisye. Fundi hakuvumilia tena, akamwuliza mgeni wake kama chakula hakikumpendeza.

"Chakula kizuri," alisema Bi Nyamizi. "Nyumba nayo nzuri, sijaona mfano wake. Lakini fundi, wewe mwenyewe umewahi kulala humu?"

Ambakisye akacheka kidogo, kisha akaona mwenzake hacheki.

Alipokwisha kumsindikiza barabarani, alirudi kwenye nyumba ile, akavua koti na buti, akajinyoosha kitandani chini ya blanketi. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Mwanzoni hakuhisi kitu. Halafu baridi ikaanza kupanda kutoka kwenye mianya ya sakafu, ikapenya godoro, ikamshika mbavu na magoti. Akajifunika blanketi la pili, lakini halikusaidia, kwa sababu baridi ilikuwa inatoka chini. Alivumilia kama saa moja, meno yakigongana, ndipo akainuka. Miaka yote alikuwa akiingia mle amevaa buti, amesimama, na baridi ile haimpati mtu aliyesimama.

Siku hiyohiyo alishuka sokoni, ambako Mama Asajile sasa alikuwa akiuza uji. Akamweleza yote, kuanzia kitanda hadi meno. Mama yule alikoroga chungu chake mpaka maneno yakaisha.

"Wageni walikuwa wanakuja jikoni alfajiri kuota moto," akasema. "Waliniomba nisikwambie. Waliona haya, kwa jinsi ulivyohangaika kuwajengea. Siku ile ndiyo nilitaka kukwambia."

"Sasa nimejua, mama. Sakafu nimeilalia mwenyewe."

"Sakafu umeilalia," akajibu Mama Asajile. "Na mimi, uliniuliza?"

 Ambakisye aliomba msamaha, akamwomba arudi. Mama Asajile alimmiminia kikombe cha uji, akamwambia msamaha ameusikia. Kuhusu kurudi hakusema neno, akageuka kumhudumia mteja mwingine.

Fundi alirudi nyumbani akaanza kazi. Alikusanya maranda ya karakana yake, yale aliyokuwa akiyachoma kila wiki, akayashindilia juu ya sakafu ya zamani, kisha akapigilia sakafu ya pili juu yake. Alilala katika kila nyumba siku saba, chali na ubavu, kabla ya kumfungulia mgeni yeyote. Sakafu iliyokuwa bado na baridi aliibomoa akaianza upya.

Sasa nyumba zile tatu zina joto. Wageni hukaa siku zao zote, na wengine hurudi na jamaa zao. Wanaposifu chakula, Ambakisye huinamisha macho. Mama Asajile yuko sokoni mpaka leo.

Nami nawauliza ninyi mnaonisikiliza: je, fundi huyu amekwisha kutengeneza alichokiharibu?