Mzazi Ndani ya Mbambakofi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona mwaitika kinyonge, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale, kwenye msitu wa pwani, palikuwa na mchonga mizinga ya nyuki, jina lake Tsofa. Hodari wa kuchonga, lakini mvivu wa kutoboa. Akitaka mzinga, hatafuti gogo zima. Hupita akigonga miti mikubwa, ngo! ngo! Akisikia ni wazi kwa ndani, anaukata. "Nusu ya kazi kanifanyia Mungu," husema.

Mkewe, Mbodze, alikuwa mzazi, amejifungua majuzi, yumo ndani, arobaini haijatimia. Tsofa ndiye aliyempikia, ndiye aliyemtekea maji. Siku moja Mbodze akasema, "Mume wangu, uji huu hauna asali." Tsofa huyo, na shoka lake, mbio msituni kutafuta mti wa mzinga.

Akagonga mti mkongwe wa mbambakofi. Ngo! Wazi. Akatema mate viganjani, akaanza kukata.

Akatokea sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. "Kaka Tsofa, acha! Ndani mna chatu!"

"Chatu kaingilia wapi, na tundu limezibwa kwa udongo? Nenda zako, muongo wee!" Akakata. Ko! ko! ko!

Akatokea kima, anatetemeka. "Kaka Tsofa, acha! Mti huu una pepo!"

"Hao pepo wananijua, nimekulia humu." Akakata. Ko! ko! ko!

Wa tatu akaja ndege hondohondo, mdomo umejaa makuyu. Akazunguka, kimya. Angesema, chakula kingeanguka, na chakula chenyewe si chake. Shoka likapanda tena. Hondohondo akafumbua mdomo, makuyu yote yakamwagika.

"Ndugu yangu, mke wangu yumo ndani! Tumeziba kwa udongo nyoka asimle, tukaacha kitundu cha kumlishia. Manyoya yamemnyonyoka, hawezi kuruka. Ni mzazi!"

Shoka likamtoka Tsofa mkononi. Mzazi! Akilini akamwona Mbodze wake kitandani, na mtu anakuja kumbomolea nyumba.

"Ole wangu! Mbona hamkuniambia ukweli mapema?"

"Tulidhani huna huruma," akasema sange. Tsofa akaona haya.

Lakini mti umekwisha kuliwa nusu na shoka. Upepo ukavuma, mti ukalia kwaaa! Tsofa akauegemea kwa bega, akapiga ukemi. "Jamani ee! Mzazi anaangukiwa!"

Kijiji kizima kikatoka mbio, kikidhani ni Mbodze. Wakaja na kamba, wakaja na nguzo za mivinje waliyoipanda wenyewe mashambani. Kufika, kumbe ni ndege! Wengine wakataka kurudi. Bibi mmoja mkali akasonya. "Mzazi ni mzazi. Shikeni!"

Nguzo ya kwanza ikateleza. Ya pili ikavunjika. Ya tatu ikashika. Alhamdulillahi!

Tangu hapo, kila asubuhi Tsofa alimpa mkewe uji, kisha akaenda kutazama nguzo. Upepo ukivuma, moyo wamdunda. Mzinga akachonga kwa gogo lililoanguka lenyewe, akalitoboa kwa jasho lake, akautundika. Nyuki wakaja, maana maua ya msitu yalikuwapo. Na wanakijiji wakapatana: mti wenye tundu haugusiki, anayetaka nguzo akate shambani kwake.

Ikafika siku, ukuta wa udongo ukabomoka kutoka ndani. Mama akachungulia, akaruka. Makinda mawili nyuma yake, prrr! prrr! Tsofa akaketi chini akalia kama mtoto.

Akarudi nyumbani, macho mekundu. Mbodze akashtuka. "Kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa, mke wangu," akasema Tsofa. "Hata mmoja."

Basi nanyi, msitu una wenyewe. Kabla hujainua shoka, uliza nani yumo ndani. Na ukihitaji mti, panda wako.

Mimi nimefika. Aliyeipenda akawape wenzake. Asiyeipenda aniachie hapa hapa, nitalala nayo.