Umemwandika Nani Mahali Pako?

Leo katika mahubiri nawapeleka uwanjani, na akina mama msininunie. Najua wengi wenu mnaijua raga kwa kufua tu, yale matope ya Jumapili asubuhi yasiyotoka hata ukisugua na jiwe. Basi nisikilizeni kidogo. Raga ni mchezo wa watu kumi na watano kila upande. Wanakimbia na mpira mikononi, na aliye nao huangushwa chini. Halafu kuna wakati wale wazito wa mbele hufungana mabega, wakainama, wakasukumana na wenzao wa upande wa pili kama mafahali zizini. Katikati ya mstari wa kwanza yuko mtu mmoja anayevaa jezi namba mbili. Mshikeni huyo, maana mfano wangu ni wake.

Bwana huyu aliivaa jezi hiyo miaka kumi na mmoja. Kwenye kinu cha kusaga mahindi alikofanya kazi, wateja walimwita Namba Mbili. Mkewe sokoni aliitwa Mama Mbili, naye alishazoea, anageuka. Hata kanisani kwao, zamu ya kufagia ikitangazwa, mzee wa kanisa alisema, "Wiki hii ni nyumba ya Namba Mbili." Sasa niwaulize. Mtu akiitwa kwa nguo yake miaka kumi na mmoja, siku akivuliwa nguo hiyo ataitwa nani?

Swali hilo lilimpata siku kocha wao wa zamani alipostaafu na mpya akatangazwa. Kabla mtu mwenyewe hajafika, habari zake zilishatangulia. Ilisemekana kule alikotoka alimkalisha benchi nahodha wa miaka tisa bila kumpa hata sababu. Ilisemekana haangalii jina wala umri. Anaangalia nini? Hakuna aliyejua. Na hilo ndilo lililowanyima watu usingizi. Mtihani mtu huuogopa, ni kweli, lakini angalau huambiwa ni wa somo gani.

Kocha akaja. Mtu mfupi, mpole, na chupa yake ya chai kwapani. Wiki mbili nzima hakugomba na mtu. Alisimama kando ya mstari, akanywa chai yake, akatazama. Basi watu wakaanza kujipendekeza, mnajua tulivyo. Mmoja alimletea jogoo. Mwingine, ambaye tangu ajiunge hakuwahi kuwahi mazoezi, ghafla akawa anafika kabla ya mwenye funguo za uwanja. Kocha alipokea jogoo, akashukuru, akala, na siku ya pili akamkimbiza mwenye jogoo mizunguko sawa na wenzake.

Namba Mbili yeye alikuwa haishi, anapumua tu. Kila alipogeuza shingo kocha, yeye alihisi ndiye anayetazamwa. Akirusha mpira ukaenda kombo, alimtazama kocha kwanza ndipo autazame mpira umeangukia wapi. Nyumbani chakula kikawa hakipiti.

"Baba watoto, ugali unapoa," mkewe alimwambia mchana mmoja.

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi, na tangu asubuhi umekunywa chai ya rangi tu? Huyo kocha wenu ni mtu au ni simba?"

"Afadhali simba," akasema. "Simba najua anataka nini."

Sasa, ndugu zangu, hofu ikikaa ndani ya mtu muda mrefu huanza kutafuta wa kumlaumu. Na hofu ya huyu bwana haikwenda mbali. Ilimwangukia askari mmoja wa gereza aliyejiunga na timu mwaka uliotangulia. Mtu mpana, mkimya, wa kusalimia kila mmoja kwa mkono mpaka mchota maji. Naye alicheza mahali pale pale pa Namba Mbili, ila yeye alikuwa wa akiba, anaingia zikibaki dakika chache. Mazoezi yakiisha alikuwa akimfuata mwenzake kwa adabu, "Kaka, nionyeshe tena ule mpira wa pembeni unavyourusha."

"Siku nyingine, ndugu yangu. Leo nina haraka."

Haraka ya kwenda wapi? Alikuwa akienda nyumbani kukaa. Mwaka mzima askari aliomba kuonyeshwa, na mwaka mzima mwenzake alikuwa na haraka.

Jumanne ya wiki ya tatu kocha aliwakalisha wote kwenye nyasi. Jumamosi ilikuwa mechi na majirani zao, na mtu wa pale angeweza kukosa harusi ya dadake asikose mechi ile.

"Mimi ni mgeni," kocha akasema. "Nyinyi ndio mnaojuana. Kwa hiyo Alhamisi kila mmoja ataniletea karatasi yenye kikosi cha watu kumi na watano. Waandike wale ambao ungetaka wawe karibu nawe siku umelala chini, umekanyagwa, na mpira bado uko kifuani pako. Sharti ni moja. Jina lako mwenyewe usiliandike."

Watu wakatazamana. Yule wa jogoo akainua mkono. "Sasa kocha, mahali pangu pakae wazi?"

"Pasikae wazi. Mahali pako umwandike mtu mwingine."

"Si hapo nitakuwa nimejifukuza mwenyewe?"

Kocha akafunga chupa yake ya chai. "Alhamisi," akasema, akaenda zake.

Mnaona jinsi mtu anavyoweza kuwekwa njia panda kwa kipande cha karatasi? Kesho yake, kinu kikiwa kimezimwa kidogo kipoe, Namba Mbili aliketi juu ya gunia akaandika. Majina kumi na manne aliyaandika haraka, tena kwa haki, maana yeye si mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alipofika namba mbili kalamu ikagoma. Wa kuandikwa pale, ukimtoa yeye, walikuwa wawili tu. Wa kwanza ni askari. Wa pili ni jamaa mmoja ambaye pombe ilishamshinda, anayetokea mazoezini juma moja na kupotea mwezi.

Akaandika jina la askari. Akalitazama. Akawaza, nikilipeleka hili, nimemvisha jezi kwa mkono wangu. Kocha atasema, kumbe hata mwenyewe anakiri yupo wa kumrithi. Lakini nikimwandika yule mlevi, kocha ataona wazi kwamba nikitoka mimi, pale pana shimo. Akaichana karatasi. Akachukua nyingine, akanakili majina kumi na manne, na kwenye namba mbili akamtia mlevi. Askari hakumwandika popote, hata kwenye pembe. Kisha akajiambia kwamba si uongo, kwani yule jamaa siku akiwa mzima si anacheza? Tunajijua tunavyojitetea, jamani. Sisi wenyewe ndio mashahidi na sisi ndio mahakimu, na kesi huisha mapema.

Alhamisi alikabidhi karatasi yake akiwa ameikunja mara nne. Askari alitoa yake ikiwa wazi, mtu yeyote angeweza kuisoma.

Mazoezi yalipokwisha, kocha aliingia chumba cha kuwekea mipira akawa anaita mmoja mmoja. Wengine walitoka wanacheka, wengine walitoka wanajikaza kisabuni. Askari alipoitwa alikaa ndani muda mrefu kuliko wote. Namba Mbili nje alihesabu mipasuko ya ukuta, akaimaliza, akaanza upya. Askari alipotoka alimpita pale mlangoni, akampiga kofi dogo la begani, akaenda zake.

"Keti," kocha akamwambia alipoingia.

"Nitasimama tu, kocha."

Mezani kulikuwa na karatasi mbili. "Hii ni yako," kocha akasema. Hakuhitaji kuambiwa, ilikuwa na alama za unga. "Mahali pako umemwandika mtu ambaye tangu nifike sijamwona kwa macho. Na askari umemwacha nje kabisa."

"Kocha, mimi nilidhani..."

"Sijamaliza. Wenzako karibu wote mahali hapo wamemwandika askari. Wewe umeandikwa na mtu mmoja peke yake."

Miaka kumi na mmoja, ndugu zangu, na mtu mmoja. Alihisi uso unamwaka moto. "Ni nani huyo?"

Kocha akamsogezea karatasi ya pili. Ilikuwa ile iliyotolewa ikiwa wazi, mwandiko mkubwa, ulionyooka, wa mtu aliyezoea kujaza kitabu cha zamu za gereza. Kwenye namba mbili palikuwa na jina lake. Na chini yake mstari mmoja: "Nimejifunza kwa kumtazama huyu."

Akaisoma. Akaiweka chini polepole. "Basi niko nje," akasema, na sauti haikuwa yake. "Ni haki."

"Kwa karatasi yako ungekuwa nje," kocha akasema. "Mtu anayemfuta mwenzake simweki katikati ya mstari. Nilimwita askari nikampa jezi yako. Akaikataa. Akasema wewe bado una nguvu za kuivaa, na kama nataka bega lake, nimweke namba moja, ubavuni mwako. Nimewaza, nimekubali. Jumamosi wewe ni mbili, yeye ni moja."

Hapa msiojua raga naomba masikio. Wale wazito wanapofungana, namba mbili huwa kama ananing'inia. Mikono yake yote miwili iko juu ya mabega ya watu wawili, mmoja huku, mmoja huku. Kichwa kiko chini, shingo iko mbele, na nyuma yake wanasukuma watu wazito. Hana mkono wa kujishikilia. Kushoto kwake ndiko aliko namba moja. Huyo akimwachilia, hata kwa kufumba na kufumbua, uzito wote unaishia shingoni mwa namba mbili. Wapo watu waliotolewa uwanjani kwa machela namna hiyo na hawakutembea tena.

Namba Mbili aliyajua haya kuliko mtu yeyote mle chumbani. Ile hofu ya kukosa jezi ilimtoka pale pale, ikaingia nyingine, kubwa kuliko ya kwanza.

"Kocha, anajua? Anajua nilichoandika?"

"Nilimwonyesha karatasi yako."

Nje watu walikuwa wanacheka jambo fulani, na yeye aliona wanamcheka yeye.

"Akasema nini?"

"Aliisoma mara mbili," kocha akasema. "Akakaa. Halafu akaniuliza kama unapenda kushikwa juu ya bega au chini ya kwapa."

Bwana yule, ambaye alikuwa amekataa kiti, akaketi.

Naona vijana kule nyuma mmenyoosha shingo, mnangoja matokeo ya Jumamosi. Siwapi. Mkitaka matokeo kuna redio. Mimi nimekuja na swali, na nawaletea kama lilivyo: mahali pako umemwandika nani?

Maana sisi sote tuna karatasi, wapendwa. Wewe mwimbishaji wa kwaya, yuko dada ana sauti nzuri kuliko yako, kila Jumamosi anakuomba umfundishe kuongoza, na wewe kila Jumamosi una haraka. Ukiulizwa nani aongoze usipokuwepo, unamtaja yule anayejulikana atashindwa, ili watu warudi kusema hakuna kama wewe. Baba, kazini umeulizwa nani anaweza kukushikia nafasi ukienda likizo, ukamruka anayeweza. Na mimi niliyesimama hapa msidhani niko salama. Juzi nimeulizwa ni mhubiri gani aje siku nitakaposafiri, na nilianza kumtafuta wa kuwachosha. Nacheka, lakini si jambo la kucheka. Hatujampiga mtu, hatujamtukana mtu. Tumeacha jina tu, tukakunja karatasi mara nne.

Na tunafikiri tuko hapa tulipo kwa sababu ya hiyo karatasi yetu. Tunajidanganya. Ingekuwa kwa karatasi yetu, nani kati yetu angesimama? Tuko hapa kwa sababu yupo Bwana aliyeisoma yote. Aliona tuliyemwandika na tuliyemfuta, na hakugeuza macho. Alipopewa nafasi ya kuichukua nafasi yetu na kutuacha nje, hakututoa. Aliomba awekwe ubavuni mwetu, mahali ambapo shingo zetu zinamtegemea yeye asituachilie. Na hajatuachilia. Mnaogopa nini basi? Nani atakupokonya mahali ambapo umeshikwa hivyo?

Tusimame tuombe. Ila leo tusianze kwa kufumba macho. Yule uliyemwacha nje ya karatasi yako huenda amekaa safu hii hii. Mtafute kwanza. Nitawangoja.